Dawa ya Minyoo kwa Watoto wa Mbwa: Uzito Kwanza, Dawa Baadaye

Kaya nyingi za wafugaji katika wilaya yetu, kuanzia tambarare za Makanya na Hedaru hadi vijiji vya milimani vya Chome, Mbaga na Mamba, hufuga mbwa wa kulinda boma na mifugo. Mbwa hao wanapozaa, haipiti muda mwenye nyumba huona matumbo ya watoto yamevimba kama ngoma, manyoya yamefifia, na pengine minyoo mirefu mieupe inatoka katika kinyesi au matapishi. Mara nyingi hatua inayofuata ni kuchukua chupa ileile iliyotumika kwa mbuzi juma lililopita. Makala hii inahusu chupa hiyo.

Mtoto wa mbwa wa kienyeji mwenye umri wa majuma mawili aghalabu hafikishi kilo moja. Dawa za mifugo wakubwa zimetengenezwa kwa ng'ombe wa mamia ya kilo. Tuchukue mfano wa ivermektini ya sindano ya asilimia 1, ambayo wafugaji wengi wanaifahamu. Kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mtu akikokotoa kwa uwiano huohuo kwa mtoto wa mbwa mwenye gramu 800, atapata mililita 0.016, kiasi kidogo kuliko tone moja linalodondoka kutoka kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mfugaji anayekadiria kwa jicho na kumpa robo ya mililita amempa takriban mara 15 ya kiwango hicho. Zaidi ya hapo, kinga inayozuia dawa hii isipenye hadi kwenye ubongo bado haijakomaa kwa mnyama mchanga. Kwa hiyo dawa ya ng'ombe isigawanywe nyumbani kwa ajili ya kumpa mtoto wa mbwa, hata kama jirani amewahi kufanya hivyo na mbwa wake akapona.

Levamisoli, inayopatikana katika dawa nyingi za kunywesha mbuzi na ng'ombe, ina tatizo linalofanana: kwa mbwa, tofauti kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo mno. Albendazoli nayo, ikiwemo kidonge cha binadamu cha miligramu 400, inaweza kudhoofisha uboho wa mbwa, yaani sehemu ya mfupa inayotengeneza damu. Maji ya tumbaku na mafuta ya taa, ambayo baadhi yetu bado tunayaita dawa, ni sumu.

Dawa iliyozoeleka zaidi kwa watoto wadogo kabisa wa mbwa ni pairanteli, hasa ile ya maji, kwa kuwa inaweza kupimwa kwa usahihi kwa bomba dogo la mililita 1. Hutibu minyoo ya mviringo na minyoo ya safura, ambayo ndiyo inayowaua watoto wengi. Fenbendazoli pia ni salama ikitolewa kwa kipimo cha mbwa, kwa kawaida kwa siku tatu mfululizo. Lakini angalia maandishi ya chupa: ile ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita, na ile ya asilimia 10 ina miligramu 100. Chupa hizo zinaweza kufanana sana zikiwa rafuni, ilhali moja ina nguvu mara nne ya nyingine. Vidonge mchanganyiko vya mbwa wakubwa, ambavyo vingi hupimwa kidonge kimoja kwa kilo 10, havifai kwa mnyama wa gramu 800, kwa sababu hakuna kisu cha jikoni kinachoweza kukata sehemu sawasawa ya kumi na mbili ya kidonge.

Kupima uzito si jambo gumu. Mizani ya kupimia magunia ya tangawizi haifai, kwa kuwa haisomi gramu. Tumia mizani ndogo inayosoma gramu: mweke mtoto ndani ya kikapu, pima, kisha utoe uzito wa kikapu. Pima kila mtoto peke yake, kwa maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana. Pima upya kila unapotoa dawa, kwa kuwa wanakua haraka.

Wafugaji wengi huuliza kwa nini dawa irudiwe. Mabuu ya minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto angali tumboni, na baadaye kupitia maziwa. Dawa huua minyoo iliyomo utumboni siku hiyo tu. Mabuu yaliyomo mwilini hukomaa baadaye. Ndiyo maana ratiba huanza umri wa majuma mawili, hurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi majuma manane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Mama atibiwe pamoja na watoto wake.

Suala hili linawagusa pia watoto wetu wanaocheza uani. Mayai ya minyoo hiyo hukaa katika udongo kwa muda mrefu, na mtoto akiyameza, mabuu yanaweza kufika kwenye ini au jicho. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa. Kuhusu tegu, pairanteli haiwatibu. Hao huhitaji prazikwanteli, kwa ushauri wa mtaalamu. Na yeyote anayechinja nyumbani asiwatupie mbwa matumbo, mapafu au vichwa vibichi, kwa maana huko ndiko mbwa wanakopata tegu wanaosababisha ugonjwa wa kizunguzungu kwa mbuzi na kondoo, na wengine wanaosababisha uvimbe wenye maji katika ini na mapafu ya binadamu.

Baada ya dawa, kuona minyoo ikitoka ni jambo la kawaida. Kutokwa na udenda mwingi, kutetemeka, kuyumba, mboni za macho kupanuka au usingizi usioamshika si kawaida. Usimnyweshe maziwa wala mafuta mnyama aliyelegea, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Mweke mahali penye joto na umpigie mtaalamu mara moja. Mtoto ambaye tayari amedhoofu sana kwa minyoo naye aonwe na mtaalamu kabla ya kupewa dawa yoyote.

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), katika chupa yenye lebo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haina kipimo. Na ieleweke kwamba dawa ya minyoo si chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa peke yake. Mwananchi anayemwendea Afisa Mifugo wa kata yake kwa ushauri aende na mambo matatu: umri wa watoto wa mbwa, uzito wa kila mmoja kwa gramu, na chupa ya dawa yoyote ambayo wamekwisha kupewa, hata kama ni tupu.