Matone ya damu kabla ya siku: Si kila mara mbinu ya kupanga uzazi imefeli

MIEZI miwili baada ya kudungwa sindano ya kupanga uzazi, mwanamke anaona doa la damu kwenye nguo yake ya ndani ilhali siku zake hazijawadia. Kesho yake haoni kitu. Wiki inayofuata matone yanarejea, mepesi, ya rangi ya kahawia, na safari hii yanadumu siku 6. Hana homa wala maumivu, lakini tayari moyo umeingia hofu: je, ni ugonjwa, ni mimba iliyoharibika, au ni mwili uliokataa dawa?

Wengi hawaulizi. Huiacha tarehe ya sindano inayofuata ipite kimyakimya, na baada ya muda hujikuta wajawazito bila kutarajia. Hapo ndipo penye hasara, kwani matone yenyewe aghalabu hayana madhara yoyote.

Suala hili linawagusa wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa sindano na vipandikizi ndizo mbinu zinazotumiwa zaidi na wanawake walioolewa nchini Kenya, kila moja ikitumiwa na takriban mmoja kati ya watano. Na ndizo hasa mbinu ambazo huvuruga mpangilio wa hedhi kuliko nyingine.

Chanzo si kigumu kueleweka. Katika mwezi wa kawaida, homoni ya estrojeni hujenga utando ulio ndani ya mfuko wa uzazi, kisha utando huo hubanduka kwa pamoja, na hiyo ndiyo hedhi. Sindano na kipandikizi huwa na homoni ya aina ya projestini pekee. Projestini huufanya utando uwe mwembamba, na mishipa yake midogo ya damu huwa dhaifu hivi kwamba hupasuka hapa na pale bila ratiba. Damu inayotoka ni kidogo kwa sababu utando wenyewe ni mwembamba. Wakati huohuo, dawa inaendelea na kazi yake ya kuzuia mimba kama kawaida.

Kwa watumiaji wa sindano ya miezi mitatu, hali hiyo hupungua kadiri muda unavyosonga, na kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza karibu nusu yao huwa hawaoni hedhi kabisa. Hapo huzuka hofu nyingine, kwamba "damu chafu" inarundikana tumboni. Hakuna damu inayorundikana. Utando haukujengeka, basi hakuna cha kutoka. Kipandikizi hakitabiriki hivyo, na wako ambao matone huwaandama kwa mwaka mzima au zaidi.

Tembe zina kisa chao. Miezi mitatu ya kwanza mwili huwa bado unazizoea. Baada ya hapo, sababu ya kawaida ni kusahau tembe au kuzimeza kwa saa tofautitofauti, na hapa matone ni onyo la kweli, kwa kuwa kinga huenda imepungua.

Koili ya shaba, ambayo wengine huiita kitanzi, haina homoni hata chembe. Hukera ukuta wa mfuko wa uzazi, na katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza hedhi inaweza kuwa nzito na ndefu, pamoja na matone ya katikati ya mwezi. Koili yenye homoni huanza kwa matone pia, kisha damu hupungua sana.

Kwa mwanamke Mwislamu, jambo hili halikomei kwenye afya. Anahitaji kujua kama asali na afunge, au kama bado yumo hedhini. Fikihi hutenganisha hedhi na damu ya istihadha, ambayo haimzuii mtu kusali wala kufunga, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Pwani, hedhi haizidi siku 15. Aliyeandika tarehe zake kwenye kalenda atapata jibu la haraka kwa mwanachuoni, na kwa muuguzi vilevile.

Hata hivyo, yapo matone yasiyofaa kupuuzwa. Aliyechelewa kudungwa sindano kwa zaidi ya wiki 4, au aliyesahau tembe kadhaa, apimwe mimba. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini pamoja na kizunguzungu huenda yakaashiria mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Uchafu wenye harufu pamoja na homa ni dalili za maambukizi. Damu inayotoka baada ya kujamiiana inahitaji mlango wa uzazi uchunguzwe, kwa sababu saratani ya sehemu hiyo huanza kwa ishara ndogo kama hiyo. Damu inayolowesha sodo nzima kwa saa moja, saa baada ya saa, si matone tena.

Vilevile, mhudumu aelezwe dawa nyingine zinazotumiwa. Rifampisin ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, na efavirenz inayotumiwa dhidi ya virusi vya HIV hupunguza nguvu ya tembe na vipandikizi.

Matone yakimkera mwanamke, ana haki ya kutibiwa hata kama hayana hatari. Mhudumu anaweza kumpa ibuprofen kwa siku 5, au tembe zenye estrojeni kwa wiki chache iwapo hana shinikizo la damu au tatizo jingine linalozizuia. Kumwambia tu "utazoea" ni kumfukuza kwa maneno ya upole.

Akiamua kuacha, sindano huchukua miezi kadhaa kabla ya rutuba kurejea, lakini tarehe ya kudungwa ikishapita asiutegemee ucheleweshaji huo kama kinga. Wa kipandikizi au koili anaweza kushika mimba punde tu kinapotolewa. Kama hataki mtoto kwa sasa, asiondoke kliniki kabla ya kupewa mbinu nyingine.