Makala mbili, baridi moja

Mwezi wa saba, kama saa kumi na moja za alfajiri, mabati ya hapa Lubumbashi hutoka jasho. Tone linaanguka kwenye shuka, jingine kwenye shavu la mtoto, na nje hakuna hata wingu. Mvua ya mwisho tumeshaisahau. Ni pumzi za waliolala, zimepanda hadi kwenye bati baridi na kurudi chini zikiwa maji. Mama mwenye nyumba ameshaamka, yuko uani anapepea mbabula, jiko letu la makala. Makala yakishika vizuri na moshi ukiisha, ataiingiza ndani na kurudisha mlango.

Asubuhi moja ya namna hiyo simu ililia. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Portland katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni mji uliowapokea mamia ya Wakongo na Waangola mwaka 2019, wakalazwa kwa muda katika ukumbi wa michezo wa Expo. Kwao ilikuwa bado usiku wa jana, tena joto tele.

“Mjomba, jambo yenu. Huku tunatoka jasho, lakini wanatuambia tuombe msaada wa baridi sasa hivi. Kuna karatasi mbili: moja ya mazutu, nyingine ya kutengeneza nyumba. Si ni kitu kimoja?”

Mimi ni fundi wa majengo. Nimezoea kuulizwa habari za zege na mifereji, si mazutu ya Maine. Lakini swali lake lilinikaa kichwani kutwa, kwa sababu linatuhusu hata sisi ambao hatuna ofisi ya kupelekea karatasi kama hizo.

Si kitu kimoja. Karatasi ya kwanza inatoka kwenye mpango wa serikali kuu unaoitwa kwa kifupi LIHEAP, uliowekwa na sheria ya 1981. Kazi yake ni kusaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia joto. Huko Maine zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mazutu, yale yale yanayoendesha malori ya mpakani Kasumbalesa, ila wao wanayahifadhi kwenye tangi chini ya nyumba na kuyachoma kwenye tanuru. Mwombaji akikubaliwa, kwa kawaida hashikishwi pesa mkononi. Fedha huenda moja kwa moja kwa muuza mazutu, naye huleta lori na kujaza tangi. Majira yakiisha, tangi nalo limeisha. Mwaka unaofuata unarudi kwenye foleni.

Karatasi ya pili ni ya mpango wa zamani zaidi, WAP, ulioanza 1976, wakati Wamarekani walikuwa bado wanauguza kidonda cha bei ya mafuta ya 1973. Huu haununui mafuta hata tone. Unatuma mafundi waje kuziba nyufa, kujaza kizuizi cha joto juu ya dari na ndani ya kuta, na kurekebisha tanuru bovu. Kazi hiyo hufanywa mara moja na faida yake hubaki miaka mingi. Sheria inaliruhusu jimbo kuhamisha hadi 15% ya fedha za LIHEAP kwenda kwenye kazi ya kuziba nyumba, na kwa kibali maalumu hadi 25%. Yaani hata wakiamua kujitahidi, sehemu kubwa bado inaenda kuungua. Siwalaumu sana, mwenye watoto wanaotetemeka leo huwezi kumwambia asubiri fundi wa dari. Lakini anayebisha mlango wa kwanza tu ataubisha maisha yake yote.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu ajaze zote mbili. Kaya iliyokubaliwa kwenye LIHEAP inahesabiwa kuwa imetimiza sharti la kipato la WAP bila kupimwa upya. Asiyepitia huko anaweza kuingia ikiwa kipato cha kaya hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka.

Hapo kwenye neno “kaya” ndipo watu wetu wengi wanapojikwaa. Sisi ukituuliza mnaishi wangapi, tunahesabu kwa moyo: mdogo wangu aliye Kinshasa ni wa kwangu, na binamu aliyelala kwenye kochi tangu mwezi wa tatu ni mgeni tu. Fomu inahesabu kinyume. Inataka wanaoishi chini ya paa hilo na kununua joto kwa pamoja. Binamu wa kochi yumo, pamoja na mshahara wake wa kiwandani, mdogo wa Kinshasa hayumo. Ukimficha binamu na jina lake likaonekana kwenye mkataba wa nyumba, faili linarudi, na baridi haisubiri faili. Kipato nacho kwa kawaida kinaulizwa kabla ya makato, si zile pesa zinazofika mfukoni. Na hadhi ya uhamiaji ya kila mmoja ndani ya nyumba ina uzito wake. Hilo ni la kuulizia kwenye ofisi inayopokea maombi, si kwa jirani wala kwa mchungaji.

Kuna jambo jingine ambalo mpangaji hulisahau. Msaada wa mazutu unauomba mwenyewe, lakini kwa kazi ya kutoboa kuta na kujaza dari mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi. Kanuni za WAP zinamzuia kupandisha kodi kwa kipindi fulani kwa sababu ya kazi hiyo. Sharti hilo limewekwa kwa akili. Bila hilo serikali ingekuwa inamtengenezea tajiri nyumba yake, na maskini analipa zaidi kwa kupata joto alilopewa bure.

Ubelgiji, ambako nusu ya Lubumbashi ina shangazi au kaka, mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Anayeomba msaada wa mazutu anapeleka ankara yake kwenye CPAS, ofisi ya ustawi wa jamii ya komini, na saa inaanza kuhesabu siku lori lilipomwaga mafuta: siku 60. Ukichelewa, umechelewa. Nimemwona mtu mzima akilia kwa ankara ya siku ya 70.

Sasa nije kwenye kinachonifurahisha kama fundi, yaani siku mkaguzi anapokuja. Anaufungua wazi mlango wa mbele, halafu anauziba kwa turubai lenye feni kubwa katikati. Feni inanyonya hewa ya ndani kuitoa nje mpaka tofauti ya mkandamizo ifike paskali 50, karibu sawa na upepo mkali kiasi ukiipiga nyumba pande zote kwa pamoja. Kisha anazunguka na kijiti kinachotoa uzi mwembamba wa moshi. Karibu na dirisha, ambako kila mtu anadhani ndiko baridi inakoingia, mara nyingi uzi unatikisika kidogo tu. Lakini usogeze pale taa inapotoboa dari, au kwenye kifuniko cha kupandia darini, uone moshi unavyosukumwa chumbani kama mtu anapuliza.

Sababu yake ni rahisi. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipata tundu juu inatoroka, na inapotoroka inaivuta hewa baridi iingie kwa chini. Nyumba nzima inakuwa bomba la moshi. Ndiyo maana mafundi wa huko huanza na dari, na kuacha madirisha mapya mwisho, japo wauza madirisha ndio wenye matangazo mazuri zaidi. Wakishaziba matundu, wanapuliza darini vumbi zito la kijivu, mara nyingi la magazeti ya zamani yaliyosagwa na kuchanganywa na chumvi ya borati ili lisishike moto upesi.

Magazeti! Waswahili wa pwani wakisikia “makala” wanafikiria ukurasa wa gazeti. Kile tunachochoma sisi wao wanakiita makaa. Basi huko Maine makala ya watu wa pwani ndiyo yanayozuia joto lisitoke, na huku kwetu makala yetu yanaungua ili lipatikane jipya.

Lakini kabla ya kuziba chochote, mkaguzi anafanya jambo ambalo ningependa kila nyumba ya Lubumbashi ilijue. Anapima tanuru na kila jiko linalochoma kitu, kuona kama linatoa monoksidi ya kaboni na kama moshi wake unatoka nje ipasavyo. Baada ya kuziba anapima tena. Kuziba nyumba yenye moto mbovu ndani ni kuwazika watu wakiwa hai.

Nirudi basi kwenye ile mbabula ya alfajiri. Watu wengi wanaamini hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri makala yawe mekundu bila moshi, ndipo waingize ndani. Wamekosea, na kosa hilo linaua. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hiyo ya monoksidi ya kaboni, nayo haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Kichwa kinauma, miguu inalegea, kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala haamki kufungua mlango. Ukikuta watu ndani wana hali hiyo usianze kutafuta maziwa wala maombi: fungua kila kitu, watoe nje, wakimbize hospitali, hata kama malaria inaonekana kuwa jibu la haraka. Mbabula ikishapika kazi yake imekwisha, ilale uani.

Na baridi je? Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10. Watu wanalaumu kuta, wanapiga plasta. Lakini kuta zetu za matofali ya kuchoma, yaliyofinyangwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, ni nene na zinatunza kiasi cha joto la mchana. Mkosaji yuko juu. Bati ni jembamba, halifiki nusu milimita, na katika majira haya anga ni kavu bila wingu la kufunika. Usiku bati linaangaza joto lake moja kwa moja kwenda angani, mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Anayelala chini yake amelala chini ya jokofu. Ndiyo yale matone.

Dawa ni dari. Si lazima iwe ya kifahari: mbao nyembamba za tripleksi zilizopigiliwa kwenye miti iliyonyooka, iache nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu ya hewa juu ya dirisha yabaki wazi. Magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja yanasaidia pia, ingawa panya wanayapenda na moto unayapenda zaidi, kwa hiyo si chumba cha kupikia. Dari hiyo hiyo mwezi wa tisa na wa kumi, jua linapochoma, itafanya kazi kwa upande wa pili. Na ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye parsele kabla ya kununua msumari: gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe, isainiwe. Ahadi ya mdomo huhama nyumba pamoja na aliyeitoa.

Kwenye komini yetu sijaona dirisha linalopokea maombi ya dari. Fedha za umma zinazogusa joto letu zimepita upande wa jiko. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow, Kongo ilitia saini makubaliano na mfuko wa misitu ya Afrika ya Kati, CAFI, ya dola milioni 500, na nishati ya kupikia imo ndani yake, kwa kuwa misitu ya miombo inayozunguka mji huu inaingia mjini ndani ya magunia, juu ya baiskeli. Lakini fedha za aina hiyo hupitia miradi na kampuni za majiko na gesi. Mwananchi hajazi fomu, anaziona, kama ataziona, kwenye bei ya jiko. Jiko lenyewe linafaa kuuliziwa sokoni. Lile lenye bakuli la udongo ndani ya bati, ambalo Wakenya walianza kulisambaza miaka ya 1980, ni nyumba ndogo iliyowekewa kizuizi cha joto: udongo unazuia moto usipotelee ubavuni, na gunia linadumu zaidi. Monoksidi ile inabaki pale pale, usijidanganye.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, sehemu kwa sehemu, kwa ujumbe wa sauti. Akanyamaza siku mbili. Kisha akakumbuka kwamba kila mwezi wa sita anatutumia pesa za magunia ya makala, na kila mwezi wa nane yameisha. “Kumbe mimi ni ile karatasi ya kwanza,” akasema.

Mwaka huu ameamua kutuma za tripleksi. Ila anataka kwanza proforma ya duka la mbao, picha za bati kabla ya kazi, idadi ya tunaolala chini yake pamoja na wa kwenye kochi, na uthibitisho wa kipato changu, kabla ya makato. Naandaa faili.