Sukari iliyo kwenye ute inavyolinda mimba

Likitajwa neno sukari mbele ya mama mjamzito, wengi hufikiria kisukari cha mimba. Lakini ipo sukari nyingine, isiyotokana na chai wala soda uliyokunywa leo. Imo kwenye ute wa uke na wa shingo ya kizazi, na inasaidia kumlinda mtoto aliye tumboni.

Mwanamke akishika mimba, homoni ya estrojeni huongezeka. Homoni hii huzifanya seli za ukuta wa uke zihifadhi sukari iitwayo glaikojeni. Seli hizo zinapobanduka, glaikojeni huvunjwavunjwa na kuwa chakula cha bakteria rafiki waitwao laktobasili. Bakteria hao hutengeneza asidi ileile inayoufanya mtindi uwe mchachu, na uchachu huo huwazuia vijidudu vibaya wasizaliane.

Ulinzi wa pili uko kwenye shingo ya kizazi, ambako ute mzito huziba njia kama kizibo cha chupa. Ute huo una protini zilizovikwa minyororo ya sukari. Minyororo hiyo ndiyo huupa uzito na utelezi, vijidudu vikanasa kabla ya kufika kwa mtoto.

Bakteria rafiki wakipungua, wengine kama Gardnerella hushika nafasi. Baadhi yao wana vimeng'enya vinavyokata sukari zilizo kwenye ncha za minyororo hiyo, na ute hudhoofika. Hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria. Dalili zake ni ute mwepesi wa kijivu au mweupe wenye harufu kama ya samaki, ingawa wanawake wengi hawaoni dalili yoyote.

Hali hii imehusishwa na kujifungua kabla ya wiki 37, ingawa si kila mwenye nayo atajifungua mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti, kwa sababu mbalimbali.

Mama, hapa ndipo penye kosa tunalolifanya kwa nia njema. Tukisikia harufu, tunaingiza maji ya sabuni, limao, shabu au dawa za mitishamba. Kufanya hivyo huwaondoa bakteria rafiki na kuzidisha tatizo. Uke hujisafisha wenyewe. Osha sehemu ya nje tu, kwa maji safi.

Usinunue dawa dukani kwa kukisia, kwa kuwa fangasi na vajinosisi hazitibiwi kwa dawa moja. Nenda kliniki, mweleze mkunga bila aibu. Zipo dawa anazoweza kupewa mjamzito, na ukiandikiwa, maliza dozi.

Nawe baba, harufu hiyo si ushahidi kwamba mkeo ni mchafu au ametoka nje ya ndoa. Usimshinikize atumie vitu vya kukausha au kubana uke. Msindikize kliniki.

Mjamzito akivuja maji, akitokwa na damu, akipata homa, au tumbo likimbana na kuachia kabla ya wiki 37, asisubiri siku ya kliniki. Awahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.