Usimuulize Muuzaji, Liulize Gari

Haya watoto, sogeeni niwape kisa cha shangazi mmoja aliyekwenda kununua gari Dar es Salaam. Alifuatana na fundi wa mtaani kwao, kwa kuwa fundi anaijua injini, na mpwa wake wa miaka 12, kwa kuwa mtoto yule ana macho makali na hesabu haimshindi.

Yadini magari yamepangwa yanang'aa, mengi yametoka Japani. Kwa nini Japani? Kule, kama kwetu, watu huendesha kushoto na usukani uko kulia. Tena sheria yao inataka gari dogo likaguliwe likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Wengi huona heri wauze. Gari hupelekwa mnadani, likapakiwa melini mpaka bandari ya Dar es Salaam. Basi mtumba si lazima uwe mbovu, ila una historia yake, na mnunuzi sharti aijue.

Muuzaji akawapeleka moja kwa moja kwenye gari jeupe. "Mama, hili lina miaka 15 lakini limetembea kilomita 45,000 tu. Kama jipya!"

Mpwa akapiga hesabu: 45,000 gawanya kwa 15 ni 3,000 kwa mwaka. Kwa siku ni kilomita 8 na ushei. Yawezekana, kama mwenyewe alikaa karibu na kazini. Lakini mita huchezewa ikarudishwa nyuma, kwa hiyo si shahidi wa kuaminiwa peke yake. Mtoto akainama chini ya usukani. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani wenyewe ulikuwa umesuguliwa na viganja mpaka ukateleza. Kilomita 8 kwa siku haziwezi kula pedali namna ile.

"Na matairi?" shangazi akauliza.

"Mapya kabisa, mama!"

Mpwa akachuchumaa. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni mwake tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akasoma 1416. Tairi lile lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016! Meno yake yalikuwa bado marefu, lakini mpira huzeeka hata usipotembea.

Fundi naye akaweka kiganja juu ya boneti. "Mbona ya moto?" Injini iliyokwisha kupashwa huficha maradhi. Ukiiwasha ikiwa baridi, hapo ndipo utasikia kama inagonga au inawaka kwa shida, na moshi wa bluu ukitoka, ujue inakula oili.

"Mama, amua haraka, kuna mteja yuko njiani na hela mkononi."

Shangazi akacheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akasogea kwenye gari la kijivu lililosimama pembeni bila kusifiwa na mtu. Mita yake ilisoma 128,000. Karatasi ya mnada wa Japani ilikuwepo, na kilomita zilizoandikwa zililingana na mita. Pedali zilikuwa zimelika kwa kiasi chake. Bampa lilikuwa na mkwaruzo, na hakuna aliyeupaka rangi kuuficha.

Kesho yake wakarudi alfajiri, injini ikiwa baridi. Fundi akaiwasha, akaliendesha gari kwenye lami na kwenye makorongo, akajaribu breki. Kisha shangazi akaomba kadi ya gari, akalinganisha namba ya chesisi iliyoandikwa humo na ile iliyochongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Akahakikisha kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba jina la mwenye gari ni lenyewe. Ndipo akalipa kupitia benki, akachukua risiti, na umiliki ukahamishiwa jina lake.

Njiani mpwa akauliza, "Shangazi, mbona umeliacha lenye kilomita chache ukachukua lenye nyingi?"

"Za hili nazijua, mwanangu, na bei nimelipa kwa hizo hizo. Lile jeupe ningelipa bei ya 45,000, halafu fundi wako anitajie kilomita za kweli kila likiingia gereji."