Moto Utokao Katika Mwani

Vijana wetu wa Mbulu na Hanang wametuuliza kama ni kweli ya kuwa ule utando wa kijani uotao katika birika za kunyweshea ng'ombe waweza kutoa moto wa kupikia. Jawabu letu ni kwamba asili ya habari hiyo ni kweli, lakini safari yake ingali ndefu.

Utando huo ni mkusanyiko wa mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Huishi kwa nuru ya jua, nao huyapasua maji na kutoa oksijeni tuivutayo. Mwaka 1942 Hans Gaffron na Jack Rubin walieleza ya kuwa mwani wa namna hii, ukikoseshwa oksijeni, waweza kutoa haidrojeni, nayo ni hewa ambayo ikiungua haiachi moshi wala masizi, ila maji. Mama aliyetokwa na machozi miaka thelathini mbele ya mafiga hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hili.

Lakini ipo kasoro. Kimeng'enya kiundacho haidrojeni huharibiwa na oksijeni, na oksijeni hutoka katika mwani huo huo. Mwaka 2000 Anastasios Melis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, waliunyima mwani salfa. Oksijeni ikapungua, haidrojeni ikatoka kwa siku kadhaa, kisha mwani ukadhoofu, ikabidi ulishwe tena.

Ndipo wataalamu wakageukia chembe za urithi, wengine wakiupunguzia mwani ukijani wake. Kwani mwani wa juu hunyakua nuru kuliko uwezavyo kuitumia, mfano wa mgeni aliyevuta sinia zima upande wake, na walio nyuma wana njaa.

Hata leo haidrojeni hiyo ni chache na ghali, wala si ya kutegemewa katika majiko ya Katesh au Dongobesh. Basi wazazi wasiuziwe ahadi, lakini pia wasiwavunje moyo vijana wapendao elimu ya viumbe.

Nazo kuni hazingoji. Zizi li karibu kuliko maabara: samadi ikichanganywa na maji na kufungiwa shimoni pasipo hewa, vijidudu huigeuza kuwa gesi ya kupikia. CAMARTEC ya Arusha ilianza mwaka 2009 kuongoza mpango wa kueneza mitambo hiyo majumbani. Yataka ng'ombe wa zizini, maji ya kila siku na fundi mwaminifu, maana ufa mdogo huipoteza gesi. Tope lake hupelekwa shamba la mahindi.