Jana Ulikula Nini?

Mtafiti wa lishe anapobisha hodi na kumwuliza mama, "Jana ulikula nini?", hudhani ameuliza swali jepesi. La hasha! Swali hilo ni chimbuko la makosa mengi.

Wataalamu wana njia kadhaa za kupima ulaji wa watu. Ipo ya kupima chakula kwa mizani kabla hakijaliwa, kisha kupima masazo. Ipo hojaji inayouliza chakula fulani huliwa mara ngapi kwa juma au kwa mwezi. Na ipo ya kumtaka mtu ataje kila alichokula katika saa 24 zilizopita. Mizani ni sahihi zaidi, lakini ni ghali, na mbele ya mgeni mapishi huweza kubadilika. Ndiyo maana aghalabu watafiti hutegemea kumbukumbu, yaani maneno.

Hapo ndipo penye mtego. Kwa Kiswahili, uji hauliwi, hunywewa. Maziwa na supu ni vivyo hivyo. Mama aliyeulizwa alichokula atataja ugali na sukumawiki, na uji wa asubuhi usiingie daftarini. Neno "mboga" nalo, ambalo kwa Wakenya wengi ni majani, nchini Tanzania huweza kuwa kitoweo chochote, hata samaki.

Je, kikombe kimoja cha uji kina uzito gani? Tangu 2012, sheria ya Kenya imewataka wasagishaji kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti. Kiasi cha kutiwa hakiwezi kukadiriwa vyema pasipo kujua watu hutumia unga kiasi gani. Uji ni unga. Ukisahauliwa, hesabu nzima huenda mrama, na anayeumia ni mtoto.

Nawasihi walimu na wanafunzi wanaotafsiri hojaji wasitosheke na kamusi. Waketi kwanza jikoni na wapishi, wasikilize wanavyosema. Kisha waulize hivi: "Tangu ulipoamka jana hadi ulipoamka leo, ni vitu gani ulivyokula, ulivyokunywa au ulivyotafuna?" Swali hili ni refu, lakini halimwachi mtu nje na kikombe chake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, mradi anayeulizwa aelewe anachoulizwa.