Unywe Nini Kabla ya Kupimwa Utumbo Mpana

Mtu wa Nyangoto aliyeambiwa akapimwe utumbo mpana katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ana mambo mawili ya kufikiri: nauli na tumbo. Leo tuzungumzie tumbo, maana tumbo likiandaliwa vibaya, nauli nayo imekwenda bure.

Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa, akautazama ukuta wa utumbo. Katika mikoa inayopakana na Ziwa Victoria, damu katika choo yaweza kuwa ya kichocho, ya bawasiri, au ya saratani, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Lakini kamera haioni kupitia mabaki ya ugali. Uvimbe mdogo hufichika, na mgonjwa huambiwa arudi siku nyingine.

Basi siku mbili tatu kabla, weka kando maharage, mboga za majani, matunda yenye mbegu, na ugali wa mtama au wa dona. Wali mweupe, mayai na samaki havina neno. Siku moja kabla, kutafuna hukoma. Ni kunywa tu. Kanuni yake ni kwamba kinywaji ukikitia katika glasi uone upande wa pili: maji, chai ya rangi yenye sukari, supu iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, maji ya dafu, soda nyeupe. Kahawa kavu nayo huruhusiwa, ijapokuwa huoni kitu ng'ambo yake! Uji, togwa, maziwa na mtindi, hapana. Wengi hujikwaa hapo, wakidhani kisichotafunwa si chakula. Juisi ya rozela na soda nyekundu ziache pia, kwa kuwa rangi yake ndani ya utumbo hufanana na damu. Pombe hukausha mwili, nayo ngoja.

Kisha kuna dawa ya kusafisha, mara nyingi unga unaokorogwa katika maji ya lita 2 hadi 4. Nusu hunywewa jioni, na nusu ya pili huanza saa nne hadi sita kabla ya kipimo, glasi moja kila robo saa hivi. Ladha yake si ya kusifia, ikipozwa hunyweka. Ukishaianza, usithubutu kupanda basi. Safari ya kutoka Tarime kupitia Bunda na Magu ni ndefu, na dereva hatasimama kila unapobanwa. Fika Mwanza mapema, ulale mahali penye choo karibu.

Maji ya kukorogea yawe salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu za madini, na watu wa Nyangoto hawajasahau kwamba mwaka 2009 maji ya mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, na anayemeza vidonge vya damu, amwambie daktari kabla ya kuanza, kwani dawa nyingine hupunguzwa au kusimamishwa. Saa mbili za mwisho kabla ya kipimo, hata maji usinywe, na hospitali ikitaja muda mrefu zaidi, ufuate huo. Nenda na ndugu yako: dawa ya usingizi huchelewa kutoka kichwani, na siku hiyo huruhusiwi kuendesha hata baiskeli.